Bahasha Nilizochanganya Kando ya Barafu

Kila nikiwaambia nyinyi vijana kwamba nilifanya kazi miaka mingi karibu na barafu ya Mlima Kenya, swali lenu la kwanza ni kama niliwahi kuteleza. Niliteleza mara nyingi, na mara moja nilikuwa nimebeba sufuria ya uji. Swali la pili ni kama niliona wanyama wa ajabu. Niliona pimbi wanene wenye manyoya mazito, wakikaa juani kama wazee wanaongoja mkutano uanze. Zaidi ya hao, kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye bahasha. Kitu kinaokotwa, kinatiwa ndani ya bahasha ya karatasi, nami naandika kimetoka wapi.

Kazi ya namna hiyo inaonekana nyepesi. Ndiyo maana nataka kuwasimulia kosa nililofanya, na nawaonya mapema kwamba kuna mambo mengi katika habari hii ambayo sikuyaelewa wakati ule, na mengine hata leo yananichanganya. Mkifika mahali mkaona mmoja wetu amepotea, mjue ni mimi.

Kazi niliipata kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, niko nyumbani Kibugu nikichuma majani chai na mama yangu. Ilikuwa miaka ya sabini. Mtu mmoja kutoka Kanyakine alikuja akakodi vyumba viwili nyuma ya kituo cha majani chai. Aliitwa Kinoti. Alikuwa amefundisha biolojia katika shule ya sekondari, kisha akarudi chuo kikuu kutafuta shahada ya udaktari, na kila mtu aliendelea kumwita Mwalimu. Mama aliposikia ni udaktari, alienda na goti lake linalouma. Mwalimu akamweleza kwa heshima kwamba udaktari wake ungekuwa wa majani. Mama akarudi nyumbani bila kuelewa ni majani gani hayo yanayougua.

Mwalimu alikuwa anatafuta mtu mwenye mwandiko mdogo unaosomeka. Alinipa karatasi ndogo kama kiberiti, akaniambia niandike humo sentensi nzima. Niliandika, na nafasi ikabaki. Akaniuliza kama naweza kutembea. Nikamwambia hakuna mtu Kibugu asiyeweza kutembea. Siku ya kwanza tulipopita msitu, tukapita mianzi, tukatokea kwenye nyasi ndefu za juu ambako hewa haitoshi, ndipo nilijua alikuwa anauliza juu ya kutembea kwingine.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Nyaga, jirani yetu, aliyekuwa mwongoza njia. Hakujua kusoma, lakini hakuna mtu aliyejua zaidi yake jinsi ya kutunza karatasi kule juu. Aliniambia niache kalamu ya wino, wino unaganda na ukipata unyevu unalia. Penseli hailii. Aliniambia niandike kabla ya kuokota, maana ukishaokota mikono inakufa ganzi na unaandika kama kuku. Bahasha iliyokwisha kuandikwa nilikuwa naiweka chini ya sweta, upande wa kifuani, ikauke kwa joto langu. Mahali tulipookota alipatambulisha kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe lililopakwa rangi. Siku hizi mnainua simu inawaambia mko wapi. Nyaga alikuwa anahesabu kwa sauti, na ukimsemesha katikati alirudi mpaka kwenye jiwe akaanza upya, bila kukuambia neno.

Wiki yangu ya kwanza niliua mti. Kule juu kuna miti inaitwa senesio, ina shina nene na kichwa cha majani kama kabichi. Majani yakifa hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina, makavu, yananing'inia. Mimi nilitoka nyumba ambayo mgomba ukiwa na majani makavu mtu anaonekana mvivu. Asubuhi moja wenzangu wakiwa mtoni, nilichukua panga nikausafisha ule mti uliokuwa karibu na hema mpaka shina likang'aa. Nyaga aliporudi aliuangalia kwa muda mrefu.

"Umemvua koti," alisema.

Niliporudi kule miezi kadhaa baadaye mti ulikuwa umekufa. Mwalimu alinieleza kwamba mlimani kwetu baridi kali huja kila usiku na jua kali kila mchana, na yale majani makavu ndiyo yanazuia maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Akanionyesha pia lobelia, mmea mwingine wa kule juu. Asubuhi mapema ukitia kidole katikati ya majani yake unakuta maji yameganda juu, ukivunja hiyo barafu nyembamba chini yake maji bado ni maji, na chipukizi changa kimekaa humo salama.

Akasema senesio ana jamaa zake wadogo huku chini, magugu yale tunayopalilia bila kufikiri. Wote wana babu mmoja wa zamani sana. Nilimuuliza ni nani aliyewaambia wale wa juu wavae koti. Akasema hakuna. Wale walioangusha majani yao walikufa kwa baridi, wale ambao kwa bahati majani yaling'ang'ania walibaki, wakazaa wenye majani yanayong'ang'ania, hivyo hivyo kwa muda ambao hata yeye hawezi kuufikiria. Nililielewa jambo hilo siku moja nzima. Kesho yake nililitafuta kichwani nisilione. Baadaye nililielewa tena, likapotea tena. Kama nyinyi mnalielewa kila siku, mnanishinda.

Lakini Mwalimu hakuja kwa ajili ya senesio. Alikuja kwa ajili ya kuvumwani, ile mimea midogo kabisa ya kijani inayokaa juu ya mawe kama zulia. Wengi wenu mnaikwangua bila kujua ina jina. Alitaka kujua ni aina gani zinaishi kando ya barafu yetu, na kama zina undugu na zile za ncha za dunia, kaskazini kabisa na kusini kabisa. Aliniambia huko kusini, kwenye nchi nzima ya barafu, mimea inayotoa maua ni aina mbili tu. Kuvumwani ndiyo inayotawala pale mawe yanapojitokeza, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaishi ndani yake kama sisi tunavyoishi katika msitu.

Rafiki yake mmoja aliyekuwa akisoma ng'ambo alimtumia sanduku dogo la bahasha za kuvumwani kutoka huko kusini. Siku lilipofika nilivaa nguo safi. Nilifikiri kitu kutoka mwisho wa dunia kitakuwa na rangi nisiyoijua. Bahasha zikafunguliwa. Humo mlikuwa na vijani vikavu, vingine vya kijani, vingine vya kahawia, kama uchafu unaotoka kwenye mfuko wa koti. Nilimwuliza Mwalimu kama hawajamdanganya.

Basi tukapanda na lile sanduku, kwa sababu Mwalimu alitaka kulinganisha papo hapo kwa lenzi ya mkono. Tulipiga hema chini ya barafu kubwa, kwenye changarawe. Ardhi ya pale asubuhi huinuliwa na sindano za barafu, inakatika chini ya miguu kama unakanyaga sukari. Kuna kuvumwani nyingine pale haishiki hata jiwe, imejikunja kuwa kibumba, na hizo sindano huibiringisha kidogo kidogo mpaka inakuwa kijani pande zote, haina juu wala chini. Niliweka vibumba vitatu kiganjani nikatafuta mizizi. Hakuna.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Mwalimu na Nyaga walivuka kwenda upande wa pili. Mimi nilibaki kupanga bahasha. Nilikuwa nimeweka za mlimani na za ncha ya dunia kwenye trei moja, kwa sababu trei ya pili ilikuwa na vikombe. Upepo ukashuka ghafla, nguzo ya hema ikang'oka, trei ikapinduka. Bahasha zetu hazikuwa na gundi, tulikunja tu. Tatu au nne zilifunguka, vijani vikamwagika juu ya turubai.

Nilishikilia hema kwa mgongo, nikakusanya kwa vidole. Kila kipande nilikirudisha kwenye bahasha iliyoonekana kupungukiwa. Upepo ulipotulia kila kitu kilikuwa mahali pake, nadhifu, na mwandiko wangu juu yake. Waliporudi niliwaambia hema lilianguka. Sikusema kuhusu trei. Si kwamba niliamua kuficha. Niliangalia bahasha, zikaonekana sawa, na mimi nikajiona sawa.

Wiki tatu baadaye, huko Kibugu, Mwalimu alitoka kwenye chumba chenye hadubini akiwa ameshika miwani mkononi. Bahasha ya kumi na saba, ya jiwe lililo chini kabisa ya barafu, ilikuwa na aina ambayo haikuwa imeandikwa na yeyote kwenye mlima wetu. Na ilikuwa ileile iliyokuwa katika bahasha moja ya kusini. Aliniita niangalie. Niliona seli ndefu kama punje za mchele zimepangwa, nikasema ni nzuri. Jioni ile alimwandikia msimamizi wake chuoni. Jumapili alikuja kwetu na mkate, akamweleza mama kwamba kitu kilicho mwisho wa dunia kimeonekana kwetu, na kati ya huko na kwetu kuna joto lote la dunia.

Mama alifikiri. Kisha akamuuliza, "Sasa Mwalimu, hiyo Mungu aliumba mara mbili?"

Mwalimu hakucheka. Alimwambia kuna wanaosema mbegu zake, ambazo ni kama vumbi, hupeperushwa na upepo wa juu sana. Wengine wanasema ndege huzibeba miguuni. Wengine wanasema zamani dunia ilipokuwa na baridi zaidi, mmea huo ulitembea polepole kutoka mlima hadi mlima. Mama akasema basi hata nyinyi hamjui. Mwalimu akakubali kwamba hawajui.

Wote wawili walifurahia mazungumzo hayo. Mimi ndiye niliyeacha chai ikapoa. Wakati Mwalimu anasema neno vumbi, nilikumbuka vijani vile juu ya turubai.

Siku zilizofuata nilikuwa nikiingia chumbani akiwa hayupo, naipima ile bahasha ya kusini kwa mkono. Siku nyingine niliona ni nyepesi kuliko mwanzo. Siku nyingine niliona iko vilevile. Nilijaribu kukumbuka kipande kipi nilikirudisha wapi, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyojitungia kumbukumbu. Nikikaa kanisani naona trei. Nikichuma majani nachuma na mabua, mpaka karani wa kituo akanirudishia kikapu.

Nilimwendea Mzee Nyaga akiwa anaanika maharagwe. Nilimweleza yote. Aliendelea kutandaza maharagwe, kisha akaniuliza kama Mwalimu anajua. Nikasema hajui. Akaniambia, bila ukali, kwamba habari hiyo nimeipeleka kwa mtu asiyehusika, na akanionyesha kwa kidevu upande wa kituo cha majani chai.

Mwalimu alikuwa akiandika nilipoingia. Nilisimama mlangoni nikasema maneno yote kwa pamoja, kuhusu trei, upepo, na vidole vyangu. Aliweka kalamu chini.

"Wawira, una hakika ulichanganya?"

"Sina hakika, Mwalimu. Ningekuwa na hakika ningekuja zamani."

"Na una hakika hukuchanganya?"

"Hiyo pia sina."

Nilitegemea anifukuze, na kusema kweli ningepumua. Alichoniuliza ni kama nimewahi kumwona Nyaga akirudi kwenye jiwe kuhesabu upya. Nikasema mara nyingi. Akasema basi tutarudi kwenye jiwe.

Kabla ya kupanda alimwandikia msimamizi barua nyingine, akamwomba asimwambie mtu yeyote kuhusu bahasha ya kumi na saba. Jibu lilikuja fupi. Sura yote ya tasnifu iliyotegemea bahasha hiyo isimame mpaka jambo lijulikane, na ikiwa haijulikani, iondolewe. Hiyo sura ndiyo ilikuwa moyo wa kazi yake. Alinionyesha barua, kisha akaanza kufunga mizigo ya safari. Ningependa zaidi angenigombeza.

Tulipanda sisi watatu, na safari hii za ncha ya dunia zilibaki nyumbani kwenye kabati. Nyaga alitupeleka mpaka kwenye alama ya rangi, akahesabu hatua, akafika mahali palepale akasimama akitazama huku na huku. Nilidhani amekosea. Barafu ilikuwa imesogea nyuma. Jiwe letu, ambalo mara ya kwanza lilikuwa likidondokewa na maji ya barafu, sasa lilikuwa peke yake, limekauka upande mmoja. Nyaga alihesabu tena kutoka mwanzo. Akafika palepale.

Mwalimu alipiga magoti na lenzi. Mimi nilibaki nyuma nimeweka mikono mfukoni, kwa sababu nilifikiri kazi ya kuandika imekwisha kuondoka kwangu. Bila kugeuka alininyooshea penseli.

"Andika kwanza," alisema. "Ndipo niokote."

Niliandika bahasha ishirini na moja siku ile.

Mwalimu alichukua siku tisa kuzipitia kwenye hadubini. Ile aina ya kusini haikuwamo. Katika jiwe zima, pande zote, haikuwamo. Labda ilikuwepo ikafa jiwe lilipokauka. Labda haikuwahi kuwepo, na nilichokiona kama punje za mchele kilitoka kwenye sanduku la ng'ambo kikapita vidoleni mwangu. Mwalimu alisema kwa kazi yake majibu hayo mawili ni kitu kimoja, kwamba hawezi kuandika asichoweza kukionyesha. Akaifuta bahasha ya kumi na saba katika kazi yake. Nilikuwepo akiifuta. Alitumia rula akapiga mstari mmoja ulionyooka.

Kulikuwa na bahasha moja iliyobaki, ya matope ya pembeni, ambayo alikuwa ameiacha ya mwisho kwa sababu ilionekana haina maana. Humo mlikuwa na kuvumwani fupi yenye rangi ya fedha, kama nywele zinazoanza kuota mvi. Aliitazama, akaenda kabatini, akafungua bahasha nyingine kabisa ya kusini, akalinganisha. Zilikuwa aina moja. Nilianza kusema hii sikuigusa, hii uliitia mwenyewe. Akanituliza kwa mkono. Alisema hii inajulikana dunia nzima, si ugunduzi. Kisha akatoka nje kama mtu aliyesahau kitu. Nilimfuata. Alikuwa amechuchumaa kwenye saruji ya bomba la maji la kituo, mahali wachumaji wanapooshea miguu, anakwangua kwa ukucha. Aliiweka chini ya lenzi, akanipa nitazame.

Ilikuwa ileile. Ile ya mwisho wa dunia, ile ya kando ya barafu, na ile tuliyokuwa tunaikanyaga kila asubuhi. Mwalimu alicheka, mara ya kwanza tangu nilipomwambia habari za trei.

Sura mpya ya tasnifu ilitoka kwenye ule ukucha. Tuliitafuta Kanyakine kwenye ngazi za shule yao, tukaipata. Tukaipata Meru mjini kwenye ukuta wa duka. Tukashuka Gachoka, ambako jua linapasua ngozi, nikaapa kwamba pale hatutaiona. Ilikuwa kwenye tangi la maji, imekauka kabisa, na Mwalimu alipoidondoshea maji ikainuka mbele ya macho yangu. Tulipanda ya mlimani kwenye makopo kule Kibugu, na ya Kibugu tukaipeleka mlimani, tuone kama kila moja imezoea kuishi kwao tu. Nyingine zilikufa. Nyingine hazikujali. Mwalimu aliandika kurasa nyingi kueleza kwa nini, na nilizinakili kwa mwandiko wangu, neno kwa neno. Nikiziweka chini nabaki na swali lilelile. Ni mmea mmoja, au ni mingi inayofanana? Nimewauliza wasomi waliokuja baadaye na mashine zao. Kila mmoja ananijibu kwa uhakika, na majibu yao hayafanani.

Nilimfanyia kazi Mwalimu mpaka alipostaafu, na wengine baada yake. Kila mara nilizipanga bahasha za mlimani kwenye trei yake, za ugenini kwenye yake, na vikombe vikakaa chini.

Lakini turudi nyuma kidogo. Mwalimu alipopata ile shahada alikuja Kibugu na kitabu chenye jalada jeusi, akanikuta jikoni nikimenya viazi. Alinifungulia ukurasa wa mwanzoni. Kilikuwa kwa Kiingereza, nami nikakisoma polepole. Kilisema kielelezo cha kumi na saba kimeondolewa katika kazi hii, kwamba huenda kilichanganyika na vielelezo vya ncha ya kusini, na kwamba aliyelieleza jambo hilo, bila kuulizwa na yeyote, ni msaidizi wa mwandishi. Halafu likaja jina langu lote, pamoja na la baba yangu.

Nilisoma mara tatu. Nilipanguza mikono nikasoma tena. Sikujua kama nimesifiwa au nimeshtakiwa mbele ya dunia, na nilimuuliza hivyo hivyo.

Mwalimu alivuta kigoda akakaa, akatazama ule ukurasa pamoja nami.

"Hata mimi sijui, Wawira," alisema. "Lakini ndivyo ilivyokuwa."